Nilivyousikiliza Upinde wa Magurudumu

Leo nimeadhirika. Mbele ya wateja, mbele ya mzee aliyebakiza kidogo tu awe bosi wangu, na mbele ya nguruwe wa sponji. Naandika kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili umeshikilia barafu sikioni. Someni taratibu, mcheke baadaye (au msicheke kabisa, nitashukuru zaidi).

Wengi wenu mnajua siku hizi nalinda magari kwenye maegesho ya maduka fulani huku Randburg. Navaa kizibao cha kung'aa, nawaelekeza watu wanaporudi nyuma, wananipa chochote au wananipungia mkono. Upande wa pili wa maegesho yupo Bahati, Mkongo wa Bukavu, ambaye tunaishi naye chumba kimoja Yeoville. Bahati ni mtu wa mjini haswa. Kifaransa anakimwaga kama maji, ila Kiingereza chake ni cha maegesho tu: rudi, simama, asante. Zaidi ya hapo mimi ndiye mkalimani wake.

Mimi nami mnanijua. Shule tuliagana darasa la sita na tangu hapo sijatulia popote. Nimekuwa utingo, nimeuza mitumba, nimefagia nywele saluni, nimepaka mapaa rangi Soweto. Kila ninachokiona nataka kujua kinafanyaje kazi. (Mashine ya kunyolea ya yule kinyozi wa Joubert Park niliifungua ili nione ndani mna nini. Ndiyo sababu sifanyi kazi tena kwa yule kinyozi.)

Sasa, kwenye maduka yetu kuna duka la vifaa vya kuwindia, na dirishani wametundika pinde. Si pinde tunazozijua sisi! Hizi ni za chuma na plastiki ngumu, kila ncha ina gurudumu, na kamba zinapita huku zinarudi kule kama za lifti. Siku ya kwanza nilipoziona nilisahau magari yote. Lerato, dada muuzaji, alinikuta nimebandika pua kwenye kioo akanihurumia, akawa ananipa majarida ya zamani ya pinde. Nikayasoma hadi yakachanika. Video nazo nikaangalia, bando lote likaishia huko. Nikafika mahali naweza kukwambia upinde upi una kelele, upi ni mwepesi, upi unamfaa mtu mfupi. Kuugusa hata mmoja? Bado.

Wiki iliyopita akaja mzee mmoja na pikapu imejaa vumbi jekundu. Wafanyakazi wake wanamwita Oom Dirk. Hilo Oom ni kama sisi tunavyosema mjomba. Ana shamba kubwa la wanyama Limpopo, wageni wanakwenda kuwinda kwa upinde. Alisimama dirishani anajikuna kidevu. Na mdomo wangu, kama kawaida yake, haukuniomba ruhusa.

"Huo mfupi unafaa ndani ya kibanda," nikasema, "lakini mkono ukitetemeka kidogo tu mshale umepotea. Huo mrefu unasamehe."

Akageuka. Akakitazama kizibao changu, akanitazama mimi. "Wewe umejulia wapi haya?"

"Kwetu Kondoa sisi ni watu wa upinde."

Jamani, sikudanganya. Wajomba zangu wote walikuwa wawindaji. Ila mimi niliondoka nyumbani kabla hawajanikabidhi upinde. (Hiyo sehemu ya pili sikuitaja.)

Macho ya mzee yakang'aa. Akaniambia anatafuta mtu wa kukaa na wageni kwenye vibanda vya kujifichia kando ya bwawa, awaonyeshe mnyama anakotokea, awasaidie kuchagua upinde, aitafute mishale iliyopotea. "Jumamosi nakuja kununua upinde wa wageni. Unisaidie kulinganisha. Nikiona unajua kweli, Jumatatu tunaondoka wote."

Limpopo! Pori! Mtu analipwa kwa kukaa na kutazama! Nimetembea nchi ngapi hizi naitafuta hiyo kazi bila kujua jina lake. Usingizi ukanikimbia. Bahati akachoka na mimi.

"Mrisho, weye unashika ile kintu mara ngapi?" akaniuliza jana.

"Kushika ni jambo dogo. Muhimu ni elimu."

"Eh, Mungu wangu," akasema, akageukia ukutani.

Leo asubuhi nikamwomba anisindikize anipige picha. Nilitaka niwatumie ninyi, mnionee wivu. Oom Dirk alikuwa ameshafika. Lerato akatuingiza chumba cha nyuma cha majaribio, kirefu kama korido ya hospitali, na kule mwisho amesimama nguruwe wa sponji mwenye matundu mwili mzima. Nyuma yetu walikuwepo wateja wengine wanasubiri zamu. Ukutani kuna kibao: mchoro wa upinde umepigwa msalaba mwekundu. Nikajua wanakataza watu kuingia na pinde zao kutoka nyumbani.

Mezani pinde tatu. Na hapa, jamani, niacheni nijisifu kidogo, kwa sababu ndipo mahali pa mwisho pa kujisifia.

Nilinyanyua wa kwanza. "Huu ni mwepesi, lakini mwepesi mno. Mgeni mwenye mikono mizito atautikisa." Oom Dirk akatikisa kichwa, ndiyo. Wa pili: "Huu mfupi, kibandani hautagonga ukuta. Ila magurudumu yake makali, kuvuta kwake ni ghafla, asiyezoea atachoka." Oom Dirk akamtazama Lerato. Lerato akatabasamu. Wa tatu, mrefu, mweusi, umetulia mkononi kama umezaliwa nao: "Huu wa wageni. Unarekebishwa kwa mtu mrefu na mfupi, tena hauna kelele sana."

"Nakubaliana naye," Lerato akasema.

Oom Dirk akanipiga bega. "Sharp! Sasa uvute, nione."

Ningevuta tu na kurudisha, tungekuwa tunaongea habari nyingine saa hizi. Lakini nilishalewa sifa.

"Oom," nikasema kwa sauti ya mtaalamu, "kwetu upinde haununuliwi kwa macho. Unasikilizwa."

Na ni kweli kabisa! Wajomba zangu hawakuwahi kuchukua upinde bila kuusikiliza. Unaweka sikio karibu na kamba, unavuta bila mshale, unaachia. Mti mzima unatoa sauti nyembamba, safi. Mti wenye ufa unatoa sauti ya kukwaruza. Wateja wa nyuma wakasogea waone. Mmoja akasema, "Duh!" Lerato alikuwa ameinama chini ya meza anatafuta mishale, hakusikia.

(Wajomba walivuta kidogo tu, kwa vidole viwili, kama mtu anayejaribu zeze. Hilo nimelikumbuka baadaye, nikiwa sakafuni.)

Nikashika kamba. Nikavuta. Haikuja. Nikatabasamu kwa watu, nikavuta tena. Haikuja. Bahati nyuma ya simu akanong'ona, "Vuta na tumbo!" Nikavuta na tumbo, na magoti, na jina la mama yangu. Kamba ikasogea. Meno yamekutana, jasho linaingia machoni.

Halafu ghafla uzito ukaisha!

Majarida yameliandika hilo: magurudumu yakishazunguka, uzito karibu wote unaondoka, mwindaji anaweza kuushikilia upinde umevutika huku anasubiri mnyama. Nililisoma hilo mara nyingi. Lakini kulisoma na kukutana nalo ni vitu viwili tofauti. Nilipepesuka kama mtu aliyesukuma mlango ambao haukufungwa. Nikabaki nimesimama, upinde umevutika wote, kamba iko shavuni.

"Vizuri sana!" Oom Dirk akasema. "Sasa urudishe taratibu."

Nikajaribu kurudisha. Upinde ukaninyakua mkono kama mbwa anayeona paka. Nikauvuta tena haraka. Nikajaribu tena. Tena ukaninyakua. Nikaelewa hali yangu: nimeshikwa. Kuvuta zaidi siwezi, kurudisha siwezi, na vidole vinaanza kufa ganzi.

Basi nikafanya ambacho mtu yeyote mwenye shida angefanya. Niligeuka niombe msaada.

Niligeuka na upinde.

Chumba kizima kikaenda chini! Oom Dirk na umri wake, chini. Wateja, chini, mmoja juu ya mwingine. Mama mmoja akaingia nyuma ya pazia la kubadilishia nguo na begi lake. Hakuna aliyetazama kama kuna mshale au hakuna. Aliyebaki wima ni Bahati peke yake, simu mkononi, ananitazama.

"Hakuna mshale!" nikapiga kelele. "Jamani, hakuna mshale!"

Kutoka chini ya meza ikaja sauti ya Lerato. "Hakuna mshale? Usiachie! Usiachie kabisa!"

"Kama hakuna mshale, hatari iko wapi?"

"Usiachie tu! Nakuja!"

"Vidole, dada! Vidole vinaondoka!"

Vilikuwa vinaondoka kweli, kimoja kimoja. Nikaona kama ni lazima iachiwe, basi iachiwe kwa heshima ya nilichotangaza. Nikamgeukia nguruwe. Nikainamisha kichwa, nikaweka sikio karibu na kamba. Nikaachia.

Haukuimba. Ulilipuka.

Kamba ilinizaba sikio, nikaona mwanga. Gurudumu la juu likapinduka, kamba zikatoka zikaning'inia kama tambi, ncha ya upinde ikapasuka. Nikajikuta nimekaa sakafuni nimekumbatia kitu ambacho dakika moja kabla kilikuwa upinde. Nguruwe wa sponji hakuguswa na chochote. Kofia yangu ndiyo ilikwenda kuanguka nusu ya njia.

Lerato akatoka chini ya meza, akanyoosha kidole kwenye kile kibao cha ukutani. Upinde uliopigwa msalaba mwekundu. Upinde usio na mshale. Nikaelewa.

"Pole, bhuti," akasema (ndiyo kaka kwao), akapiga magoti kuniangalia sikio. "Nguvu ya upinde huenda na mshale. Pasipo mshale inaurudia upinde wenyewe. Usilie. Huu wa majaribio una bima. Madaktari wameshaua pinde humu, na mawakili."

Sikuwa nalilia upinde. Nilikuwa namwangalia Oom Dirk. Alikuwa bado amelala chini, mabega yanamtetemeka, nikadhani nimemuua mtu wa watu. Kumbe anacheka. Alicheka hadi akafuta machozi kwa kofia yake. Halafu akainuka, akaja, akaninyanyua kwa mikono yake mwenyewe, na kicheko kikamwisha.

"Kijana, una akili," akasema. "Lakini wageni wangu ni watu wa presha. Nikikupa upinde mwaka hautaisha salama. Samahani."

Limpopo yangu ikaondoka hivyo hivyo. Nikasema, "Asante, Oom," nikaenda kuokota kofia yangu.

Akawa anaondoka. Mara akasimama, akamwonyesha Bahati. "Na huyu je? Sote tulilala. Huyu hakupepesa hata jicho! Kibandani nyati anakuja, mgeni anatetemeka, mimi namtaka mtu asiyetikisika. Mwulize kama atakuja."

Bahati akanisogelea polepole, miguu bado haijamrudia vizuri. "Mrisho, anasema nini?"

"Anasema wewe ni shujaa, twende Limpopo ukakae na wanyama."

"Mi?" Sauti ikapanda. "Miguu ilikufa! Nilitaka kukimbia, ikakataa! Mwambie mi naogopa banyama, hata mbuzi! Mwambie asante sana, lakini hapana, kabisa!"

Oom Dirk akanitazama. "Anasemaje?"

Nikajifuta vumbi, nikasimama wima.

"Anasema ni heshima kubwa," nikajibu. "Atakuja. Ila hasafiri bila mimi."

Mzee akalipima jambo hilo muda mrefu, akilitazama sikio langu. "Sawa. Wewe utabeba maji na kupika. Lakini usiguse chochote chenye kamba. Hata ya kuanikia nguo!"

Kwenye teksi ya kurudi nikamwambia Bahati ukweli. Akanipa mgongo, taa za barabarani zikapita moja baada ya nyingine. Nikadhani urafiki umeishia hapo. Tulipokaribia Yeoville akapumua.

"Weye ni mwongo sana, Mrisho."

"Najua, ndugu yangu. Nisamehe. Ukikataa, nitampigia mzee nimweleze yote."

Akatazama nje kidogo. "Kule hatutasimama kwa jua siku muzima na kizibao?"

"Utakaa kivulini."

"Na nyoka ziko?"

"Hakuna."

(Wapo.)

Basi ndugu zanguni, Jumatatu tunaondoka, shujaa na mpishi wake. Video anayo Bahati na amekataa kuifuta. Ikiwafikia, nawaomba ubinadamu: msicheke. Anayeshindwa kabisa, achekee upande wa kulia. Huko bado sisikii kitu.