Jicho la Mwamba

Elkana alipoona wachimbaji wa Nyamongo wenye maduara, mashimo yao ya dhahabu, wananunua kompyuta ili wasikilizie nyimbo tu, moyo ulimruka. Mungu ampe nini tena? Wiki iliyofuata alikuwa na suti, cheo cha injinia na programu iitwayo Jicho la Mwamba: unapiga picha ya jiwe, inakutajia gramu za dhahabu.

Kwa kweli ulikuwa ukurasa wa mtandao uliovishwa koti la programu. Ukurasa ukiwa kwenye brauza hufungiwa kama ng'ombe zizini, haugusi faili zako. Elkana aling'oa mlango wa zizi kwa makusudi, ili Jicho lipekue kompyuta nzima na kumtumia alichotaka. Alichotaka hasa ni ramani ya duara la Mzee Nyamhanga, kazi ya miaka kumi na mmoja. Bosi mmoja wa Tarime alikuwa anaisubiri.

"Shikamoo mzee. Tupime jiwe lako."

"Marahaba. Ee! Gramu arobaini!"

Tabitha, binti wa mzee aliyesomea kompyuta, akapiga picha tonge la ugali. Gramu arobaini.

"Injinia, hata ugali?"

"Dada, si umepikwa kwa maji ya hapa?"

"Tabitha, usimsumbue mtaalamu," mzee akafoka. "Na huo ugali usiliwe! Upelekwe karasha, usagwe pamoja na mawe."

Lakini Tabitha aliliona Jicho likifungua faili ambazo hakuna aliyelituma kuzifungua. Chini yake palikuwa na kisanduku cha maoni. Humo, badala ya sifa, akaandika amri ya kompyuta, imngoje mwenye kuyasoma maoni.

Mchana Elkana alijifungia nyumba ya wageni, ramani ikiwa tayari kwenye kompyuta yake, akafungua maoni ili ajisomee anavyosifiwa. Aliyafungulia kwenye Jicho lilelile, zizi lilelile lisilo na mlango. Amri ya Tabitha ikaingia kwake, ikafuta ramani, ikawatumia wenye maduara wote barua ya Elkana kwa bosi: "Hawa wazee nimewachezea mpaka nawaonea huruma."

Bodaboda sita zikafika na sururu. Mzee Nyamhanga akainua kompyuta, akampiga Elkana picha ya uso.

"Gramu arobaini," akasoma.

"Kichwani tu?" akauliza Nchagwa, jirani yake.

Elkana akapiga magoti. "Wazee wangu, ni uongo! Jicho halijui dhahabu, linataja arobaini kwa kila kitu!"

Tangu afike Nyamongo hakuwa amesema kweli hata mara moja, na leo alipoisema hakuna aliyemwamini.

"Mwizi mkubwa," mzee akasema kwa uchungu. "Sasa unaisingizia hata programu. Mpangeni foleni kwenye karasha, nyuma ya ugali."