Ushuru wa Duka la Mama Mkwe

Jumanne, 4 Machi 2025, Malaba

Nimeibiwa kisheria! Mwezi uliopita watu wa ushuru waligundua kwamba magodoro yangu yaliandikwa mikeka ili ushuru uwe mdogo. Nikalipa upungufu kwa simu, kimyakimya, kama muungwana. Leo benki inasema upungufu uleule umekatwa tena kwenye akaunti ya duka. Elfu arobaini! Nikikwepa mimi ni kosa. Wakikata wao mara mbili, eti ni mfumo.

Chande wa duka jirani amenipa pole huku akipangusa risiti zake za ushuru, alizozitia fremu ukutani. Amefunga Ramadhani, lakini mdomo haujafunga.

Alhamisi, 6 Machi

Ofisini. Dada Aidah wa kaunta akakubali mara moja kwamba nimekatwa mara mbili na pesa zitarudi. Nikamwita malaika. Kisha akatazama kompyuta. "Sasa boss, mwenye duka ako wapi?"

Mwenye duka ni mama mkwe. Nililiandikisha kwa jina lake nikijiona mjanja: nani atamshuku bibi kizee wa Amukura? Sasa Aidah anataka tufike wote wawili, kwa kuwa duka ni lake na simu iliyolipa ni yangu. Tutie sahihi meza moja. Mimi na mama mkwe! Kwetu ni mwiko: mwanamume humkwepa mama mkwe hata njiani. Siku ya harusi yangu nilimwona mgongo tu.

Jumatatu, 10 Machi

Mpango: mke wangu Amuge amlete mama yake asubuhi, mimi nifike mchana. Aidah akakataa. Basi nikasimama nje ya dirisha, mama mkwe akaketi ndani akinipa kisogo, leso hadi machoni. Fomu ikapitishwa kwenye nondo. Nani akatokea kulipa ushuru wake mapema? Chande. Alicheka mpaka akaketi chini, na swaumu yake.

Aidah akauliza pesa zirudi kwa namba gani. Nikafungua mdomo. Mama mkwe akawahi kutaja yake. Ningemkatiza vipi? Nikatia sahihi.

Ijumaa, 21 Machi

Pesa zimerudi! Kwake. Amuge anasema mama ameshukuru sana kwa zawadi. Amenunua mtamba wa ng'ombe, na anashangaa kwa nini watu humwambia mimi ni mkono wa birika. Nimdai? Heri nile godoro. Imeniuma. Nimeingia stoo nikalia kidogo, juu ya mkeka wangu mmoja wa inchi sita.

Lakini sasa nimeerevuka. Kosa halikuwa kuandika jina la mtu mwingine. Kosa lilikuwa kuandika jina la mtu nisiyeweza kuketi naye. Leo nimefungua duka la pili, Busia, kwa jina la baba mkwe. Mzee huyo tunakula naye sahani moja. Magodoro yote ni mikeka, kama kawaida. Kwenye fomu nimejaza namba yake ya simu.

Kwa kweli simu hana. Hutumia ya mkewe.