Dawa ya Tovuti ya Mama Magodoro

Bwana Fasta alikuwa na pua ya kunusa tamaa ya mtu hata nyuma ya ukuta. Siku hiyo alikuwa akipita tu mbele ya duka la magodoro, akamsikia mwenye duka akinung'unika, "Tovuti ya jirani ina mpaka kidirisha cha kuongea na wateja, yangu ina picha tu." Fasta akageuka, akapangusa viatu mlangoni kama mkwe.

"Mama yangu, vitu hivyo vyote ni bure."

Rahisi huvunja upishi, lakini nani amwambie Mama Magodoro, ambaye tangu azaliwe hajakataa cha bure? Akamwachia nywila ya tovuti. Fasta akapachika kidirisha cha maongezi, kihesabu wageni, matangazo, video ya mtu anayepiga miayo, na vingine ambavyo hata yeye hakujua kazi zake. Vyote vilikuwa mali ya makampuni ya nje, na kila kampuni ilimpa Fasta kitu kidogo kwa kila duka alilolinasa.

Ubaya wa vipachiko hivyo ni mmoja. Mteja akifungua ukurasa, kila kimoja kinakimbia kwanza kwao kuulizia habari, na godoro linangoja mpaka vyote virudi. Na wiki hiyo wanafunzi walikuwa wanahamia mabwenini, msimu ambao mama anautegemea mwaka mzima. Mwanafunzi naye hana subira. Akiona kiduara kinazunguka, anahamia kwa jirani. Ghala likajaa mpaka darini, simu ya duka ikanyamaza. Mama wa watu akakosa usingizi, na magodoro yote yale.

Ndipo Fasta akarudi na uso wa msibani. "Nasikia tovuti inaumwa, mama. Dawa ya kasi ninayo, ila hii si ya bure."

"Sawa, mwanangu. Lakini hapa kwangu seremala hulalia kitanda alichotengeneza kabla sijamlipa. Nawe utanunua godoro kwenye hiyo tovuti, kwa simu yako, mbele yangu. Ukifaulu, hela yako nakurudishia pamoja na ujira."

"Hilo tu?"

"Kwanza nionyeshe ugonjwa."

Wakafungua. Kiduara kikazunguka. Mama akasimulia habari za goti lake la kulia, akamaliza, akaanza la kushoto. Mwishowe kikatokea kitu, wala si godoro. Lilikuwa tangazo la mtu anayetabasamu, na juu yake maneno: *Tovuti yako inakawia? Niite mimi.* Mtu huyo alikuwa Bwana Fasta mwenyewe, na shati lile lile.

Akafunika kioo kwa kiganja, akakohoa. Mama roho ilimuuma kwelikweli. Wiki nzima alikuwa akilaumu bei zake mwenyewe.

Dawa yenyewe haikuwapo, nanyi mlishajua. Fasta aling'oa vipachiko vyake kimoja baada ya kingine, amekunja uso kama daktari anayepasua moyo. Alipomaliza, ukurasa ukafunguka kabla hajainua kidole.

"Sasa nunua," mama akasema. "Lile kubwa kuliko yote, lenye picha nzito, tuamini."

Akabonyeza. Simu ikalia: malipo yamepokelewa. Godoro likashushwa, naye akalala juu yake akajinyoosha kwa raha, mkono wazi akingoja.

"Ujira wangu, mama."

"Ujira wa kuwafukuza wageni uliowaleta mwenyewe? Mwanangu, uso wako ulifika kabla ya magodoro yangu."

Fasta akakaa kitako. "Basi nirudishie hela ya godoro, yaishe."

"Ahadi ilikuwa ya dawa, na dawa hukuileta. Godoro likishalaliwa halirudi. Imeandikwa pale kwenye tovuti, na sasa inasomeka."

Simu ya duka ikaanza kulia, mama akaenda kuhudumia wateja.

Fasta akatoka na godoro kichwani, limemfunika mpaka mabegani, anatafuta njia kwa kuangalia vidole vyake vya miguu. Wanafunzi wawili wakamsimamisha.

"Samahani, kaka, godoro zuri hivi umelipata wapi?"

Akajaribu uongo wa kwanza moyoni, akajaribu wa pili, lakini shingo ilikuwa inamuuma mno.

"Kwenye tovuti ya yule mama," akasema. "Inafunguka haraka kuliko nilivyotaka."