Yai Mlinzi na Meno Yangu ya Chuma

Jumatatu, 14 Aprili

Siku tisa. Tisa tu! Jumatano ya wiki ijayo Daktari Desanka ananitoa hizi nyaya za meno, na mimi Radojko narudi kuwa mtu. Sharti lake moja: vishikizo vyote, vile vichuma vilivyogandishwa kwenye kila jino, viwe mahali pake. Kimoja kikibanduka, miezi mitatu mingine. Nimeshaongezewa mara mbili. Mara ya kwanza mbegu za alizeti. Mara ya pili mahindi ya kuchoma, na wala hayakuwa matamu.

Stamena, mke wangu, kabandika masharti kwenye friji. Nisile kigumu. Nisile cha kunata. Mswaki kila baada ya kula, na kiburashi chembamba kipite kati ya nyaya. Vipira vya kuvuta meno nivivae mchana na usiku. Kaandika kwa herufi kubwa kama za darasa la kwanza.

Miezi kumi na minne sijapuliza tarumbeta. Nyaya zinachana midomo. Mzee Sreten, kiongozi wa bendi yetu, kanitwisha ngoma kubwa, na tarumbeta ya kwanza kampa Gvozden. Shemeji yangu! Kaka wa Stamena wa tumbo moja! Na nyaya zenyewe nilizitia kwa ajili yake. Ana meno yaliyonyooka, nikaona hapo ndipo anapotolea zile sauti za juu. Sasa yeye anapuliza, mimi napiga bum.

Lakini Mzee kaahidi. Jumapili ya tarehe 27 ni harusi ya kwanza tangu Kwaresima ianze. Nyaya zikitoka, tarumbeta ya kwanza ni yangu. Zisipotoka, inabaki kwa Gvozden moja kwa moja. Kasema amechoka kungoja meno ya mtu mzima.

Jumanne, 15 Aprili

Balaa. Nimesoma karatasi ya friji vizuri. Vipira ni saa ishirini na mbili kwa siku! Mimi nilikuwa navivaa nikikumbuka. Nikapiga akili: vipira vitano kila upande, nifidie wiki zote kwa siku moja.

Mazoezini mdomo haukufunguka. Mzee Sreten akauliza nimenuna nini. Nikashikwa na mwayo. Vipira vikafyatuka vyote kwa mpigo, kimoja kikatua kwenye kahawa ya Mzee. Akainywa kahawa hadi tone la mwisho. Hajui. Gvozden anajua. Alininong'oneza kwamba shemeji, siku ya harusi usimsahau padri, naye anapenda kahawa.

Alhamisi, 17 Aprili

Sokoni, kununua mayai ya Pasaka. Gvozden keshafika. Kainamisha kichwa, anagonga yai moja moja kwenye meno ya mbele na kusikiliza. Tk. Tk. Ndivyo tunavyochagua sote. Yai gumu lina mlio wake, na Jumapili uani kwa Mzee Sreten mayai yatagonganishwa, la kupasuka limeshindwa. Gvozden kashinda miaka mitatu mfululizo. Ameshaanza kuitana na mayai kwa majina.

Akanipigia kelele mbele ya watu wote kwamba shemeji, wewe kaa mbali, mayai na chuma haviivi chungu kimoja.

Ningefanya nini? Ningesimama pale kama mjane? Nikagonga. Taratibu! Kling! Nikagonga jingine. Kling! Mungu wangu, kila ninaloshika ni jiwe! Nikabeba thelathini. Mama muuzaji akasema hajawahi kuona mteja akifurahia mayai hivyo.

Nyumbani Stamena kaligusa la kwanza kwa kijiko, likabonyea. La pili likabonyea. Akauliza kwa upole kama nilikuwa nasikiliza mayai au nasikiliza nyaya zangu.

Upole wake unaniuma kuliko matusi.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Ncha ya waya inanichoma shavu. Ni kule kugonga mayai jana, lakini Stamena nimemwambia ni hali ya hewa. Nta ya daktari ya kufunikia waya imekwisha na duka la dawa limefungwa. Nikaenda kwenye kona ya picha takatifu, nikamega nta kwenye mshumaa wa nyumba. Nta ya nyuki, safi kabisa. Nikabandika. Ladha ya kanisa mdomoni, ila maumivu yametulia.

Hapo ndipo nilipoliona. Yai mlinzi! Yai la kwanza la mwaka jana, jekundu, limekaa chini ya Mtakatifu Nikola mwaka mzima likitulindia nyumba. Limekauka. Jepesi. Kling! Mwaka mzima wa baraka, nani atalipasua?

Leo Stamena kapaka rangi mayai, la kwanza kaliweka kuwa mlinzi mpya, la zamani kanipa nikalizike bustanini kama desturi inavyotaka. Alikuwa dirishani ananitazama. Nikachimba. Nikavua kofia. Nikazika kiazi.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Siwezi kuandika. Naandika.

Uani kwa Mzee Sreten, bendi nzima na wake zao. Mlinzi wangu alivunja yai la Mzee. Akavunja ya wapuliza baragumu wote wawili. Nikabaki na Gvozden. Tukagonga. La Gvozden likapasuka kutoka ncha hadi kitako! Miaka mitatu ya majivuno, kwisha! Nilitaka kulia. Kwa dakika nzima nilikuwa mtu.

Ndipo shemeji akanyoosha kidole na kusema hilo si yai. Ni la mbao. Eti mbona jepesi, mbona halina joto la mfuko. Watu wakaanza kunong'ona. Mzee Sreten akakuna masharubu, akasema kesi ndogo hiyo: kama ni yai, Radojko aling'ate.

Nilimwangalia Stamena. Akatikisa kichwa: usithubutu. Siku tatu zimebaki! Lakini kuitwa mwongo mbele ya bendi, na yai ni yai kweli?

Nikang'ata.

Kwanza niliusikia mlio wa kishikizo kikiachia jino. Kisha yai likapasuka. Jamani, harufu! Mwaka mzima ulikuwa umejificha mle ndani. Mke wa Mzee aliikimbia meza yake mwenyewe. Mbwa alitoka uani na hajarudi. Gvozden alianguka chini kwa kicheko, akakiri hadharani kwamba kweli, ni yai.

Stamena hakucheka. Alitazama yale maganda mekundu, akauliza bustanini nilizika nini.

Jumanne, 22 Aprili

Gundi ya viatu. Kishikizo kimeganda barabara. Na mdomo wa juu umegandia hapohapo. Stamena aliubandua kwa mafuta ya kula. Hajasema neno tangu Jumapili, isipokuwa kwamba nyumba imelala bila mlinzi huku kiazi kikipewa heshima za mazishi.

Kesho daktari hatagundua. Naamini.

Jumatano, 23 Aprili

Kagundua kabla sijakaa. Akauliza kama mtu ameleta viatu. Kisha akaniambia nifungue mdomo, akachungulia muda mrefu. Akataja kimojakimoja, kama karani: kishikizo kimebandikwa kichwa chini, waya umepinda, nta si yake, vipira havikuvaliwa, na kuna kipande cha ganda jekundu asichotaka kuelezwa.

Miezi mitatu. Nikamsihi. Nikamwambia habari ya harusi, ya tarumbeta, ya Gvozden. Alinionea huruma, niliona. Akasema mzee mzima, mimi natibu meno tu.

Nililia kwenye basi. Sioni haya kuandika.

Jumapili, 27 Aprili

Harusi. Gvozden kapuliza wimbo wangu, ule ninaoingia nao mlangoni kwa bibi harusi. Kaupuliza vizuri, hilo ndilo linaloniua. Mzee Sreten kampigia makofi na kunipa mimi fimbo mpya ya ngoma. Bum. Bum. Moyo umevunjika, na bado nilitakiwa kwenda na mpigo.

Nimejifunza. Naapa. Tatizo halikuwa meno, lilikuwa aina ya yai.

Bibi mzaa baba wa bwana harusi anafuga kanga. Kanga! Yai la kanga ni silaha! Kanionyesha moja jikoni, akasema hakuna aliyewahi kulipasua kijijini kwao. Pasaka ijayo Gvozden atanikoma. Ila mtu hachukui yai bila kulisikiliza, na meno ya chini hayajawahi kuniletea shida. Nikagonga mara moja tu. Kidogo.

Kling.

Kuna kitu kimedondoka ulimini. Kidogo, baridi. Ganda tu, hakika. Nimekitemea kwenye leso na kuifunga fundo. Sitaifungua hadi Julai.