Chanzo ni Bwana Povu

Jumatatu, 4 Agosti

Leo vita! Maji ya sabuni yameingia tena kwenye kibanda changu cha chai. Wateja wamekunywa miguu juu, kama kuku walionyeshewa. Mwenye maji ni jirani yangu, muosha magari. Mtaa mzima tunamwita Bwana Povu na jina limemkaa.

Wateja wataota jua, watakauka. Jiko je? Jiko langu ni la udongo, alilifinyanga marehemu mume wangu. Alama za vidole vyake bado ziko ubavuni. Sabuni imeanza kulila mguu. Nimemwendea Bwana Povu na mwiko mkononi. Ati bibi usikasirike, povu langu halina sumu, linang'arisha mpaka kucha. Nimemwambia kucha zangu aziache, aanze na shingo yake.

Kisha redio ikanifungulia njia. Sheria inakataza kuosha magari karibu na chanzo cha maji. Chanzo cha maji! Na nyuma ya kibanda changu pana maji yanachuruzika tangu nilipoletwa hapa bibi harusi. Wasomi wa nyumba hii wanayaruka kila siku wakilalamikia tope. Mimi, niliyeokota herufi ukubwani kwa wajukuu, moja moja kama anayechambua mchele, ndiye niliyeona. Akili ni nywele. Zangu zina mvi, lakini ni nyingi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekipamba chanzo. Mawe nimeyazungushia, matete nimeyapanda. Lakini chanzo bila chura ni dimbwi tu. Nimekamata vyura wawili mtaroni. Mmoja amekubali kazi. Wa pili amekunywa maji, akaniangalia, akaondoka zake. Sawa. Hata ofisini wapo wa hivyo.

Wifi yangu, dada wa marehemu, kachungulia juu ya ukuta. Ati wifi, unazika nini? Nimemjibu nazika ujinga wa mtaa, asiiname sana asije akatangulia.

Mke wa mwanangu kanionya kwa adabu zake zote: mama, sheria ni msumeno. Nimemwambia najua, binti yangu, na msumeno una fundi wake. Fundi ni mimi.

Ijumaa, 8 Agosti

Afisa wa maji niliyempigia simu amefika. Kisichana chembamba, upepo ungeweza kukibeba. Kabla hajafungua mkoba nimemkalisha, nimemmiminia chai, nimemsimamia mpaka mkate umekwisha. Serikali gani hii inayotuma watoto kazini na njaa?

Kakagua. Kapiga magoti, kachota kwenye kichupa. Ati bibi, hongera, umekitunza vizuri. Moyo wangu ukavimba kama unga wenye hamira!

Kisha kaanza kuuliza na kubonyeza simu. Mashine ya Bwana Povu ya kuoshea magari inanguruma, tunasemezana kwa kupiga kelele. Kauliza jina la chanzo. Nikaona, haya ndiyo tunayoyataka! Nikamwambia chanzo cha yote ni Bwana Povu, andika hivyo hivyo, mwanangu, usipunguze hata herufi. Kauliza na mwangalizi ni nani. Nikasema ni yeye huyo huyo, kutwa kucha anaangalia tu maji yakimwagika! Kabonyeza yote.

Nimelala usingizi wa malkia.

Jumatatu, 11 Agosti

Wameleta bango. Nimelisoma mara ya kwanza, nikadhani herufi zimenigeuka. Nimelisoma tena.

CHANZO CHA MAJI BWANA POVU. MWANGALIZI: BWANA POVU. SHUGHULI ZOTE ZIMEPIGWA MARUFUKU.

Mimi nimeshika chura kwa mikono hii, bango kapewa yeye! Na kizibao kapewa, cha manjano, kinachong'aa. Kakivaa hapo hapo na kuniuliza kama kimempendeza. Kimempendeza, na ndicho kilichoniuma.

Kisha vigingi. Wamevipiga kuzunguka chanzo na kibanda changu kimebaki katikati, kama yai kwenye kiota. Kisichana cha serikali kaniambia, macho chini, kwamba kibanda na jiko lazima viondoke mwisho wa mwezi. Ila naweza kuweka pingamizi Alhamisi. Bwana Povu naye kafukuzwa, lakini yeye mali yake ni mashine, mpira na ndoo. Kabla ya adhuhuri alikuwa ng'ambo ya barabara anaosha lori. Jiko la udongo halikunjwi likatiwa kwapani.

Wifi kacheka mpaka kashika ukuta. Nimemwambia acheke polepole, meno yenyewe ya kuazima.

Jumanne, 12 Agosti

Pingamizi la nini? Dawa ya chanzo ni kukiziba. Nimekishindilia majivu, magunia na tofali. Kimenyamaza. Nimejisifu, nimejipikia chai, nimekaa. Mara maji yakaibukia chini ya jiko!

Nimepiga ukelele. Aliyekuja mbio ni Bwana Povu na kizibao chake. Ati bibi, kama mwangalizi napaswa kukuripoti. Nimemwambia aniripoti mbinguni. Kavua viatu, kaingia topeni, kang'oa magunia yangu moja moja mpaka maji yakarudi yalikotoka. Nikamuuliza kwa nini anajichosha kwa jiko la adui. Kasema na yeye chai atakunywa wapi.

Nimempa kikombe. Kisicho na ufa. Haina maana kwamba nimemsamehe.

Alhamisi, 14 Agosti

Kikao cha pingamizi, ukumbi umejaa. Usiku wa jana mke wa mwanangu alinifundisha. Mama, yapo maji ya kudumu na maji ya msimu. Ya msimu mpaka wake ni mdogo, jiko litabaki lilipo. Wakikuuliza kama hukauka, sema hukauka. Neno moja tu, mama, kisha ukae.

Bwana Povu kaitwa kwanza. Kasema kama mwangalizi anathibitisha kwamba kiangazi hukauka mpaka vyura huomba lifti. Mwongo wa kuzaliwa! Kaniangalia, kanikonyeza. Nikaelewa. Kisichana cha serikali nacho kikaniangalia kama mtoto anayemwombea bibi yake.

Mwenyekiti kaniuliza: mama, maji yako hukauka?

Yangu! Mbele ya watu wote! Mbele ya wifi, aliyekaa mstari wa mbele na mtandio mpya! Maji yaliyoogesha watoto wangu wote, yaliyolainisha udongo wa jiko la mume wangu, nisimame niyatukane? Nikasema, kukauka? Kikauke kisima cha babu yako! Maji yangu hayajakauka hata mwaka ule mto mkubwa ulipokuwa njia ya mbuzi. Nikaongeza na mengine. Watu wakapiga makofi. Nilipokaa nilikuwa mrefu kuliko niliposimama.

Bwana Povu kashika kichwa. Mke wa mwanangu kajifunika uso.

Uamuzi: chanzo cha kudumu. Kibanda kiondoke. Lakini wameandika, kwa wino, kwamba maji yangu hayakauki. Wifi hakucheka.

Jumamosi, 23 Agosti

Leo jiko limehamia ng'ambo ya barabara. Sikulala, nimelishika ubavuni mpaka kumekucha. Bwana Povu kaja na jeki ya lori, mbao na madereva, wateja wake. Wamelinyanyua kama wagonjwa wanavyonyanyuliwa. Wanaume wazima, jasho linawatoka, mimi nawatukana kila hatua wasije wakalegea. Katikati ya barabara likalia, kra! Moyo ukasimama. Ufa mmoja tu, mdomoni. Nimeuziba kwa udongo wa chanzo chenyewe. Vidole vya mume wangu viko pale pale.

Nimewapa wote chai ya bure. Bwana Povu kaomba kikombe cha pili. Nimemwambia asinizoee.

Jumanne, 26 Agosti

Mahali papya pana wateja hata zaidi, madereva wote wa Bwana Povu ni wangu. Tatizo ni moja. Mashine yake sasa iko sikioni mwangu. Mtu akiagiza chai, nasikia maji. Akitaka maji, nasikia nini sijui. Kisichana cha serikali kimepita kunywa chai (kimenenepa kidogo, alhamdulillahi) kikaponyokwa na neno kwamba kelele nazo zina sheria yake ya mazingira.

Nimeshapiga simu ofisini. Watakuja Alhamisi kupima. Mke wa mwanangu kaniomba, karibu apige magoti, kwamba siku hiyo akae yeye ajibu maswali. Nimemwambia asijisumbue, binti yangu. Hapa mtaani hakuna anayejua kuijibu serikali kama mimi.