Mbwa Aliyenusa Maini ya Wafipa

Shija aliteremka stendi ya Sumbawanga akitokea Mbeya, mkononi kamba, kwenye kamba mbwa mwembamba wa rangi ya majivu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, sabuni zimerudi madukani na kila mwenye mdomo ni mfanyabiashara. Mtaji wake wote ulikuwa mbwa huyo, naye alijua jambo moja tu: mtu akipiga makofi, humwendea, hukaa mbele yake na kumkodolea macho, akingoja kipande cha nyama. Vilabuni Mbeya walicheka, kisha wakachoka kucheka.

Pale stendi mzee mmoja akamwona mgeni. Sisi Wafipa tumelelewa: akachuchumaa, akapiga makofi taratibu, akamsalimu. Mbwa akamwendea, akakaa, akakodoa.

"Huyu ananitazamia nini?" mzee akauliza.

Shija hakuwa ametia kitu tumboni tangu Tunduma, na njaa hufungua akili. "Pole, baba," akasema kwa sauti ya msibani. "Nimemfundisha kunusa magonjwa. Hapo amesikia ini."

Kabla ya Jumapili mji mzima ulikuwa mgonjwa wa ini. Tungeponea wapi? Kila aliyekwenda kupimwa alianza kwa adabu. Wakorofi wasiosalimia ndio pekee walioonekana wazima, nasi tukasema kweli shetani hutunza watu wake. Dawa ilikuwa shubiri iliyochemshwa na magadi, ndani ya chupa za bia, na aliyeinywa hakwenda mbali na choo. Tulikunywa, tukashukuru. Mimi mwenyewe nilipona ugonjwa ambao sikuwa nao.

Basi Shija akasikia habari za Fransisko wa njia ya Kaengesa, mwenye maksai wawili wa kulimia. Fransisko alisalimia, mbwa akakaa, mtu akaenda kulala chali akisubiri kufa. Shija akaeleza kwamba ini limeoza upande, chupa hazitoshi, inatakiwa tiba ya mwezi. Na malipo yake ni maksai mmoja. Mvua zilikuwa zinanukia, na maksai mmoja havuti plau.

Otilia, mke wa Fransisko, hakubisha. Alikuwa uani akichambua maharage, akawaona watoto wanaimba na kupiga makofi, watoto wenye mashavu kama maboga, na mbwa anakaa mbele ya huyu, anahamia kwa yule. Akaendelea kuchambua.

Siku ya kuchukuliwa maksai akaita majirani washuhudie, akamtoa nje mama mkwe wake, Bibi Josefina.

"Mifugo ni ya mama," akamwambia Shija. "Haitoki zizini mpaka mgeni amsalimie kwa heshima."

Shija akamtazama maksai. Akachuchumaa, akapiga makofi mawili madogo, ya mtu anayeficha kitu. Mbwa akamwendea, akakaa, akakodoa.

"Ini," akasema Bibi Josefina.

"Mama, leo mbwa amechoka."

"Usijifiche, baba," Otilia akasema kwa upole. "Mbwa wako hajawahi kukosea. Umetuhangaikia sisi, ukajisahau."

Majirani, kwa huruma ya kweli kabisa, wakamshika mikono, wakamnywesha chupa baada ya chupa. Alipoapa kwamba ni mzima wakasikitika: ugonjwa umeshapanda kichwani. Akakimbilia nyuma ya zizi, na baadaye akaonekana juu ya lori la Tunduma, amesimama, hataki kukaa. Mbwa alibaki kwa Bibi Josefina, kwenye mfupa. Fransisko aliposikia vicheko vya mkewe aliinuka, akaenda kutengeneza plau.

Ungedhani tumejifunza. Jumatatu tulikuwa tumepanga mstari kwa Otilia, kila mtu na kuku wake kwapani, tunaomba kupimwa. Otilia akatueleza yote kuhusu makofi, mwanzo hadi mwisho. Tukamsikiliza kwa adabu, kisha tukachuchumaa wote, tukapiga makofi kumshukuru.

Mbwa akakaa, akatukodolea.

Otilia akaguna. Mungu amsamehe, akampokea kuku wa kwanza.