Bunduki ya Miale ya Sehemu ya Kumi na Moja

Jumatano, 2 Julai

Hili sijamwambia mtu, hata Mama: leo nimedanganya watu watano kwa mpigo. Kwenye kundi la simu la wapenzi wa Kituo Zuhura, ile tamthilia ya kale ya anga za juu, nimeandika kwamba nyumbani kwetu ipo bunduki ya miale iliyotumika katika sehemu ya kumi na moja. Ile ile halisi! Kuandika ni rahisi. Kuzungumza ndiko kunakonishinda. Jumamosi tatu nimekaa sebuleni kwa Dada Ghada, kiongozi wa kundi, hapa mtaani Al Twar, na neno langu pekee limekuwa "asante" ya chai. Jumamosi hii wanaamua kama nitakuwa mwanachama au basi. Shule imeisha, wenzangu wametawanyika. Nawataka hawa.

Mawadda, anayejua hata aliyeshona vifungo vya nahodha, amejibu kwamba niilete. Nimekwisha.

Alhamisi, 3 Julai

Mpango! Baba mdogo Shem anafungua magari mabovu kule gereji za Ras Al Khor na kuuza vipuri. Nimempigia. Nimemweleza: mshikio, bomba, taa nyekundu mbele. Ameuliza kama nakwenda kuiba benki. Nimesema ni mambo ya anga za juu. Amesema basi sawa, huko hakuna polisi. Yalla, haya, kesho jioni nimpitie.

Ijumaa, 4 Julai

Ipo! Kishikio cha mlango wa gari, kipande cha bomba kilichopuliziwa rangi ya fedha, na taa ya nyuma ya gari mbele yake. Inawaka! Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Nimesema "sehemu ya kumi na moja" mara ishirini bila kigugumizi. Nimemlenga Mawadda wa kufikirika. Ameanguka vizuri sana.

Jumamosi, 5 Julai

Aibu! Mwanzo ulikuwa mtamu. Dada Ghada, ambaye ukoo wake ulitoka Unguja zamani, aliipokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Caren, mwanachama mwingine, akapiga picha. Nikatoa hotuba yangu yote. Kisha Mawadda akaigeuza. Mimi niliitazama kwenye kioo tu, upande wa mbele! Akasoma maandishi meupe chini ya taa, taratibu kama mtangazaji wa habari: "Nyuma, kushoto. Usiuze bila kumuuliza Shem."

Akauliza kama huyo Shem alikuwa mkazi wa Zuhura. Caren akacheka mpaka chai ikamtokea puani.

Ndipo nikazungumza. Sikuweza kunyamaza! Nikaeleza kwamba huko gereji kila kipuri huandikwa, kwa sababu kisichoandikwa huhamia chenyewe duka la jirani. Nikakiri yote. Dada Ghada akainua mkono: khalas, basi, bibie, pumua. Akasema mafundi wa tamthilia yenyewe walifanya hivyo hivyo. Waliokota vyuma chakavu, na sayari zote zilikuwa chumba kimoja kilichobadilishwa taa. Hata bunduki yenyewe ilikuwa mpini wa drili. Akasema mimi kudanganya sijui, ila mali hiyo ni nzuri. Wakapiga kura. Mwanachama! Hata Mawadda aliinua mkono, ingawa kiwiko kilibaki mezani.

Jumapili, 6 Julai

Furaha tele. Nimekula chapati tano. Nimeapa kutodanganya tena.

Mchana Mawadda ameandika kundini kwamba mwezi wa nane tuigize sehemu ya mwisho. Je, baba mdogo anaweza kututengenezea chumba cha nahodha? Ningeweza kusema nitamuuliza. Nimeandika kwamba ameshamaliza nusu. Kisha nikaona nusu ni kidogo, nikaongeza kwamba kina mlango unaofunguka wenyewe.

Wametuma mioyo kumi na mmoja! Mawadda peke yake ametuma mitatu.

Baba mdogo hajui lolote. Yuko uwanja wa ndege sasa hivi, anakwenda likizo Kakamega hadi mwezi wa tisa. Wewe unayesoma hapa, nakusihi, usimwambie mtu. Hasa fundi mwenyewe.